Nani Ametia Sahihi? Maneno juu ya Mataifa na Mapatano Yao

(Hotuba hii ilisemwa na karani wa mgodi mbele ya mkutano wa wafanyakazi na watu wa mji. Tunaichapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu ya kazi siku ile.)

Wazee wetu, mama zetu, wandugu wa mgodi na wa mji,

Mwenyekiti amenipa kazi ya kuwafasiria mambo mawili: taifa ni kitu gani, na mataifa hupatana namna gani. Nitasema maneno ya kila siku, kusudi aliyesoma na asiyesoma tusikie pamoja.

Najua wako watakaosema moyoni: mambo hayo ni ya wakubwa. Mimi ninashuka shimoni asubuhi, ninapanda jioni, ninatafuta unga na karo ya watoto. Mambo ya New York na Brussels yananihusu nini?

Nitajibu kwa jina la mgodi mmoja tu: Shinkolobwe. Wachimbaji wa huku kwetu Katanga walitoa pale jiwe la urani. Waliochimba hawakuambiwa litafanya kazi gani. Likapakiwa, likavuka bahari, likafika Marekani. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaangushwa juu ya mji wa Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe. Mbele ya siku ile, mwezi wa Septemba 1944, serikali tatu zilikuwa zimekwisha kupatana juu ya urani ya Kongo: Ubelgiji, Marekani na Uingereza. Zilitia sahihi zote tatu. Mtu wa Kongo hakuketi mezani, wala hakuulizwa.

Basi msiseme mambo ya mataifa yako mbali. Yanashuka mpaka chini ya shimo. Ni sisi tu tusiopanda mpaka mezani.

TAIFA NI NINI

Mwaka 1933 serikali za Amerika zilikutana katika mji wa Montevideo, zikaandika mambo manne yanayofanya nchi kuwa dola. La kwanza, watu wanaokaa pale daima. La pili, ardhi yenye mipaka inayojulikana. La tatu, serikali. La nne, uwezo wa kupatana na dola nyingine.

Matatu ya kwanza ni rahisi kuyafahamu. La nne linataka maelezo. Chukueni mfano wa kazi. Mtu amefanya kazi mwezi mzima, jasho limemtoka, kila mtu amemwona. Siku ya mshahara anafika dirishani, karani anafungua daftari, anatafuta jina, halipo. Kapita hakuliandika. Kazi imefanyika? Imefanyika. Mshahara uko? Hauko, kwa sababu daftari halimjui. Itambidi aende, arudi, alete mashahidi, mpaka jina liingie.

Kati ya mataifa ni vivyo hivyo. Nchi inaweza kuwa na watu, ardhi na serikali, lakini kama dola nyingine hazikuiandika katika daftari lao, haitaleta balozi, haitakopa fedha, haitasikilizwa katika baraza la dunia. Kuandikwa huko ndiko kunaitwa kutambuliwa. Wanasheria wanabishana mpaka leo: wengine husema dola iko hata kama haijatambuliwa, wengine husema bila kutambuliwa si dola kamili. Sisi tushike hili: aliyeshika daftari ana nguvu juu ya aliyefanya kazi.

DAFTARI HILO LILIANZA WAPI

Zamani huko Ulaya mamlaka yalichanganyika. Mfalme alitawala, lakini Papa naye alikuwa na neno, Kaisari naye alikuwa na neno, na mabwana wadogo kila mmoja alishika upande wake. Mwaka 1618 vita vikawaka katika nchi za Ujerumani, vya dini na vya ufalme pamoja, vikaendelea miaka 30. Vijiji viliteketea, njaa na magonjwa vikaua watu kupita silaha. Mwaka 1648 wakachoka, wakapatana katika miji miwili, Münster na Osnabrück, katika jimbo la Westphalia.

Watu wengi huanza kuhesabu pale. Jambo lenyewe halikumalizika kwa siku moja, wala si yote yaliyoandikwa katika karatasi zile, lakini kutoka wakati ule neno moja likazidi kukua: kila mtawala ni bwana nyumbani mwake, na jirani asiingie kumpangia mambo yake.

Lakini angalieni vizuri. Bwana nyumbani alikuwa ni mfalme, si raia. Baadaye ndipo watu wakauliza: nyumba hii ni ya nani? Wamarekani waliuliza mwaka 1776 walipojitenga na Uingereza. Wafaransa waliuliza mwaka 1789. Jibu lao lilikuwa kwamba mamlaka hutoka kwa taifa, si kwa damu ya mfalme. Ndipo watu wa lugha moja waliotawanyika chini ya watawala wengi wakatafuta kuungana. Ufalme wa Italia ukasimama mwaka 1861, Ujerumani ikaungana mwaka 1871.

Na Ubelgiji? Hapa watoto wa shule wafungue masikio, kwa sababu neno hili halikufundishwa kwa sauti kubwa. Mpaka mwaka 1830 Ubelgiji ulikuwa chini ya mfalme wa Uholanzi. Mwezi wa Agosti mwaka ule watu wa Brussels wakainuka. Lakini kuinuka hakukutosha. Wakubwa wa Ulaya walikutana London wakazungumza juu ya nchi hiyo mpya. Mfalme wao wa kwanza, Leopold I, aliapa tarehe 21 Julai 1831, na mfalme wa Uholanzi akakataa kuwatambua mpaka mwaka 1839. Wabelgiji nao walingoja dirishani, zaidi ya miaka minane, mpaka jina lao likaingia daftarini bila ubishi.

Karatasi ile ya 1839 ilisema pia kwamba Ubelgiji usiingie katika vita vya wengine, na wakubwa wauheshimu. Mwezi wa Agosti 1914 Ujerumani ukaivunja ahadi, ukaingiza majeshi yake. Uingereza ukaingia vitani, ukisema ni kwa ajili ya karatasi ile. Ulikuwa na faida zake nyingine pia. Hapo tunajifunza kwamba sahihi ina nguvu, na nguvu yake huzidi pale mwenye nguvu anapoona faida ya kuilinda.

AFRIKA ILIKUWA NA DOLA ZAKE

Mtu asiwadanganye kwamba sisi tulianza kujua mambo ya mataifa siku Wazungu walipofika. Mfalme wa Kongo Afonso aliandikiana barua na mfalme wa Ureno katika karne ya 16, na mwaka 1526 alimlalamikia juu ya wafanyabiashara waliokuwa wakiiba watu wake na kuwafanya watumwa. Balozi wa Kongo, Nsaku ne Vunda, alisafiri mpaka Roma, akafia kule mwaka 1608, na sanamu yake iko katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Balozi haendi isipokuwa kutoka kwa dola kwenda kwa dola.

Na hapa kwetu? Misalaba ya shaba ilikuwa fedha yetu mbele ya kuja kwa franka. Huko Bunkeya mfalme Msiri, ambaye asili yake ni upande wa Tanzania ya leo, alitawala nchi kubwa, akapokea kodi, akauza shaba na pembe, misafara yake ikafika pwani ya mashariki na pwani ya magharibi. Alikuwa na watu, ardhi, serikali, na mapatano na wageni. Yahesabuni: ni yale manne ya Montevideo.

Basi jina lake lilipotea wapi? Halikupotea, halikuandikwa.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa na chama chake, ambacho hakikuwa hata serikali. Watu wake walipita kwa machifu wakikusanya karatasi kwa mamia. Chifu aliweka alama ya msalaba chini ya maneno ya lugha asiyoisoma, akapewa nguo na vitu vidogo, na karatasi ikasema ametoa nchi. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ikaitambua bendera ya chama kile. Kisha Ujerumani. Kutoka tarehe 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885 serikali 14 zilikaa Berlin zikizungumza juu ya mto wa Kongo, mto wa Niger na pwani za Afrika. Mwafrika hata mmoja hakuketi kama mjumbe. Mwaka 1885 Leopold akatangaza dola, akaiita huru.

Sasa tulinganishe. Msiri alikuwa na dola bila daftari. Leopold alipata daftari kwanza, dola akaja kuitafuta baadaye kwa bunduki. Msiri alikataa kutoa nchi yake kwa Waingereza, akakataa bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na mzungu mmoja wa msafara uliotumwa na upande wa Leopold. Mwaka 1894 Leopold na Uingereza walipatana juu ya mpaka wa Katanga. Walamba, Waaushi, Walunda wakaamka wamekuwa watu wa huku na watu wa kule. Mwenye shangazi ng'ambo ya Kasumbalesa anafahamu ninalosema.

Na mwaka 1908, baada ya dunia kupiga kelele juu ya mikono iliyokatwa na watu waliokufa kwa ajili ya mpira, nchi ilitolewa kwa Leopold ikapewa Ubelgiji. Bunge la Brussels lilipiga kura. Shamba lilibadili bwana. Waliokaa shambani hawakuulizwa.

MWAKA 1960 NA JAMBO LA KATANGA

Baada ya vita vya pili, mwaka 1945, Umoja wa Mataifa ulianzishwa, ule tunaouita ONU. Ulianza na dola 51. Kutoka Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilitawaliwa na Wazungu wachache. Katiba yake inasema dola zote ni sawa kwa mamlaka yao. Mwaka 1960 dola 16 za Afrika ziliingia kwa mwaka mmoja. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni, ikaingia ONU tarehe 20 Septemba. Leo dola za umoja huo ni 193.

Sasa ninafika mahali penye uchungu. Najua katika nyumba nyingi za mji huu neno hili bado ni kidonda: wako ambao baba zao walifurahia bendera ya Katanga, na wako ambao mama zao waliikimbia wakalala kambini. Sikuja kufufua ugomvi. Nimekuja kuhesabu, kama karani.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Ilikuwa na nini? Ilikuwa na ardhi na watu. Ilikuwa na serikali, bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, fedha zake, tembo zake za posta, askari wake. Ilikuwa na maofisa Wabelgiji wa kuisaidia. Na kupita yote, ilikuwa na kodi ya Union Minière, ambayo ililipwa kwake, si kwa serikali ya kati.

Ilikosa nini? Ilikosa sahihi. Hakuna dola hata moja iliyoitambua. Hata Ubelgiji, uliotuma watu wake kuisaidia, haukuthubutu kuiandika katika daftari. Serikali mpya za Afrika na Asia ziliona kwamba kama jimbo lenye mali linaweza kujitenga kwa msaada wa wageni, kesho itakuwa zamu yao. Tarehe 24 Novemba 1961 Baraza la Usalama la ONU lililaani kujitenga kule. Katikati ya mambo hayo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliletwa Katanga akauawa tarehe 17 Januari 1961. Na katibu mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola tarehe 18 Septemba mwaka ule. Mwezi wa Januari 1963 bendera ya misalaba ikashuka.

Fedha za shaba zinaweza kulipa askari, kuchapa noti na kujenga ofisi. Hazikuweza kununua jina katika daftari la mataifa.

Wakuu wa Afrika walifahamu hatari hiyo. Walipounda umoja wao Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, na tena Kairo mwaka 1964, walisema mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru ibaki. Si kwa sababu ni mizuri, maana ilichorwa na wageni. Lakini waliona kwamba ukianza kung'oa mpaka mmoja, damu haitakoma. Tangu hapo dola mpya chache zimetokea, kama Eritrea mwaka 1993 na Sudan Kusini mwaka 2011, na zote mbili zilipita katika vita virefu, kisha kura, kisha kutambuliwa.

BENDERA NA DAFTARI LA FEDHA

Je, sisi tuliotambuliwa mwaka 1960 tulipata yote? Hapana. Tulipata bendera, na daftari la fedha lilibaki kwingine. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilitwaa Union Minière, watu wakashangilia. Lakini kazi ya kuendesha migodi na kuuza shaba iliwekwa kwa kontra mikononi mwa Société Générale des Minerais, iliyokuwa ya ukoo uleule wa kompani. Mlango ulikuwa wetu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mgeni.

Sheria ya dunia haikunyamaza juu ya jambo hili. Tarehe 14 Desemba 1962 mkutano mkuu wa ONU uliandika kwamba mamlaka juu ya mali ya ardhi ni ya watu na mataifa, na itumike kwa faida ya watu wa nchi. Soma tena: faida ya watu. Haikusema faida ya anayeshika kalamu.

Na hapa kuna jambo ambalo kila raia alishike. Mapatano ya dola na dola hayafi serikali ikianguka. Waziri anaondoka, rais anaondoka, dola inabaki, na sahihi inabaki pamoja nayo. Kontra na kompani ni kitu kingine, nayo ina sheria yake, lakini nayo haifutwi kwa kubadili picha ukutani. Mtu mmoja akitia sahihi usiku mmoja, mtoto ambaye hajazaliwa atalipa. Ndiyo maana neno la sahihi si neno la wakubwa tu.

Lakini msikate tamaa, karatasi inaweza kufunguliwa tena. Mwaka 2008 serikali yetu ilipatana na kompani za Uchina: madini ya huku kwa barabara na hospitali. Watu wakaanza kuhesabu, wakauliza barabara ziko wapi kwa shaba iliyotoka. Mwaka 2024 mapatano hayo yakarekebishwa, fedha za barabara zikaongezwa. Sisemi kwamba sasa yote ni sawa. Ninasema kwamba hesabu iliyoulizwa ilijibiwa, hata kama kidogo. Ile isiyoulizwa haijibiwi kamwe.

MASWALI MATATU

Basi nawaachia maswali matatu. Kila mnaposikia katika redio kwamba nchi yetu imepatana na nchi nyingine au na kompani, ulizeni hivi.

La kwanza: nani ametia sahihi? Jina lake na kazi yake.

La pili: ametia kwa jina la nani? Chifu wa zamani aliweka msalaba peke yake, akauza kisicho chake peke yake. Leo tuna bunge. Karatasi ilipita bungeni, au ilipita dirishani?

La tatu: karatasi iko wapi, na inasomwa kwa lugha gani? Machifu wale hawakuwa wajinga. Walidanganywa kwa sababu karatasi iliandikwa kwa lugha ya mmoja tu. Leo watoto wetu wanasoma Kifaransa, wengine Kiingereza. Kijana aliyesoma akikaa kimya mbele ya karatasi, anazidi kosa la chifu asiyejua kusoma.

Wandugu, taifa linataka sahihi mbili. Moja ni ya nje, ya mataifa mengine, na hiyo Kongo tunayo. Nyingine ni ya ndani, ya watu wenyewe, wanaosema: serikali hii ni yetu, tunajua inachofanya kwa jina letu, na tunaihesabia. Hiyo ya pili haitolewi New York wala Brussels. Inaandikwa hapa, katika kila kura tunayopiga na kila hesabu tunayoidai. Nchi yenye ya kwanza bila ya pili ni kama mtu ambaye jina lake liko daftarini lakini mwingine anakuja kuchukua mshahara wake.

Sisi makarani na wachimbaji tunajua la kumfanya mwizi wa namna hiyo. Tunasimama dirishani, tunaomba daftari lifunguliwe, tunasoma mstari kwa mstari, wala hatuondoki.

Nimemaliza. Mwenye swali, ainue mkono.